Siku Jaji Alipopimwa Kongoti

Wanaotusema vibaya sisi watu wa Shwarini hawajawahi kufika kwetu. Waliofika hawakukaa, na waliokaa siku hizi hawasemi kitu. Kwa hiyo nitasimulia mimi, raia mwema niliyezaliwa humu na ninayetarajia kuendelea kuishi humu, yaliyotokea katika mji wetu wa Kongoti mwaka ule jaji wetu alipopimwa. Sina nia ya kumdharau mtu. Dharau kwetu ni kosa la jinai, na mahali pa kuwaweka wenye dharau pamejaa.

Kwanza mjue kwamba Shwarini majaji huchaguliwa kwa kura. Nasikia katika nchi nyingine mtu huwa jaji kwa sababu amesoma sheria. Sisi tuliona huo ni ubaguzi. Aliyesoma sheria huingia kwenye kesi na mawazo yake tayari kichwani, lakini asiyesoma huingia mweupe kama sahani iliyooshwa, na utampakulia chochote.

Jaji wetu, Mheshimiwa Kasiano Mbegete, zamani alikuwa mshereheshaji wa harusi. Alikuwa na sauti nene, shingo nene, na uwezo wa kulia machozi ya kweli wakati wa kukata keki. Alipogombea alipanda juu ya lori kwenye uwanja wa mnada akauliza, "Nani hapa ana kesi?" Mikono ikanyanyuka kama msitu.

"Nichagueni mimi," akasema, "na kila mwenye kesi atashinda!"

Mzee mmoja mkaidi akauliza, "Na yule anayeshtakiana naye je?"

"Naye atashinda!"

Tulishangilia mpaka koo zikakauka. Mpinzani wake, mwanasheria mmoja mwembamba, alijaribu kueleza kwamba kesi ikisikilizwa mmoja hushinda na mwenzake hushindwa. Tulimzomea. Mtu gani huyo asiye na huruma?

*

Sasa niwaambie habari za Simai na dada yake, maana yote yalianzia kwao.

Simai alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi pale Kongoti. Alikuwa na kifua kipana kama mlango wa ghala, na kicheko chake kilikuwa cha kifua hichohicho. Akicheka sokoni, kuku wa dada yake walikuwa wakiruka ndani ya matenga. Dada yake, Bi Mwanahawa, ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, asiyepiga kelele. Aliuza kuku wa kienyeji, na akikutazama ulijisikia unapapaswa kidari kujua kama una nyama.

Siku moja Simai alikwenda mahakamani kusikiliza kesi ya baiskeli. Hakuwa na shauri lake pale; alikwenda kumsindikiza jirani yake aliyeibiwa. Mwizi alikuwepo, baiskeli ilikuwepo, hata kijaluba cha kuzibia pancha kilikuwepo. Mheshimiwa Mbegete naye alikuwepo, isipokuwa alikuwa amelala. Alilala kwa heshima, kidevu juu ya kifua, akikoroma kwa sauti ya wastani inayolingana na cheo chake.

Nzi akatua puani pake. Mheshimiwa akashtuka, akanyoosha kidole kwa mtu wa kwanza aliyemwona, ambaye ni mwenye baiskeli, akasema, "Miezi mitatu jela!" Kisha akamgeukia mwizi kwa upole. "Na wewe, baba, pole sana. Chukua baiskeli yako uende nyumbani."

Mwizi alitoa shukrani. Mwenye baiskeli alifungua mdomo akashindwa kuufunga. Hapo ndipo Simai alipocheka.

Wanaosema alicheka kwa dharau wanamwonea. Alicheka kama mtu anavyopiga chafya. Lakini kilikuwa kicheko cha tarumbeta, na madirisha ya mahakama yalitetemeka.

"Nani huyo?" jaji akanguruma. "Anaidharau mahakama! Mwekeni mahabusu mpaka nitakapoisikiliza kesi yake!"

Askari wakamchukua. Jaji akarudi usingizini. Mwenye baiskeli akaenda kutumikia miezi yake, akaimaliza, akatoka. Sasa anatembea kwa miguu, na nasikia mwizi wake humpa lifti mara mojamoja, maana si mtu mbaya. Simai aliendelea kusubiri.

*

Shida ilikuwa kwamba jaji wa kuchaguliwa hawezi kukaa mahakamani. Akikaa mahakamani, nani atawashukuru wapiga kura? Mheshimiwa Mbegete aliwashukuru mtaa kwa mtaa. Alipomaliza kuwashukuru, akaanza kuwaomba kura za uchaguzi unaofuata. Msiba ukitokea yumo, ngoma ikipigwa yumo, mtoto akitahiriwa amemshika mkono. Mahakamani aliacha joho lake limetundikwa kwenye kiti.

Karani wa mahakama, kijana mtanashati aitwaye Machano, aliendesha kazi mbele ya joho. Aliliinamia kila asubuhi, akaita kesi, akangoja kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akatangaza, "Mahakama imeahirisha shauri." Watu wakainama mbele ya joho wakaondoka. Wapo waliosema joho lilikuwa na hekima kuliko mwenyewe, kwa sababu halikuwahi kumfunga mtu asiye na kosa. Mimi sikusema. Nilisikia tu wakisema.

Bi Mwanahawa alikwenda mahabusu kila aliporuhusiwa. Pale palikuwa na unyevu mpaka kuta zilikuwa na ndevu za ukungu, na watu walilala kwa zamu kwa sababu sakafu haikuwatosha.

"Umekula?" alimuuliza ndugu yake kupitia wavu.

"Nimekula, dada." Akakohoa. Kikohozi kilianzia mbali, kama mtu anayeburuta gunia ghalani.

"Hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Ah, vumbi tu."

"Humu kuna maji ukutani, Simai. Vumbi litoke wapi?"

Simai akatabasamu, lakini akageuza uso. "Jana nilijaribu kupiga mluzi," akasema. "Ule wimbo wa kumtoa bibi harusi. Nikaishia katikati. Pumzi ilikataa."

Bi Mwanahawa alikuwa ameleta kidomo cha tarumbeta ndani ya kitambaa, ndugu yake ajifariji nacho, lakini askari wa lango alikuwa amekizuia kwa sababu kinaweza kutumika kuita umma. Bi Mwanahawa akakishika ndani ya kiganja njia nzima ya kurudi sokoni. Siku hiyo, wenzake wanasema, aliuza kuku bila kubishana bei na mtu yeyote, nao wakajua kwamba ameumia.

*

Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikilalamika juu ya majaji, na Serikali yetu sikivu ikasikia. Waziri alihutubia redioni. Alisema, nami nanukuu kwa unyenyekevu: "Ndugu wananchi, kuanzia leo jicho la umma litaielekea mahakama kama vile jicho la mama linavyomwelekea mtoto aliyelala, kwa upendo, na bila kumwamsha!"

Ndivyo ilivyopatikana Sheria ya Jicho la Umma. Kila mahakama ilitakiwa kuwa na raia mmoja wa kuangalia kazi ya jaji. Kisha ingekuja Tume ya Kupima Majaji kutoka mji mkuu, imsikilize raia huyo, impime jaji, na kutangaza alama zake kabla ya uchaguzi.

Kongoti hakuna aliyetaka nafasi hiyo. Bi Mwanahawa akafunga matenga yake akaenda kuiomba. Alipokewa na Machano, ambaye alitakiwa kumfanyia usaili.

"Unaona vizuri, Bi Mwanahawa?"

"Naona vizuri sana, mwanangu."

Machano akakuna kichwa. "Basi hilo tutajitahidi kulivumilia." Akamweleza masharti. Kuangalia ni haki yake, lakini kuona kunahitaji kibali. Na ili asiingilie uhuru wa mahakama, kiti chake kiliwekwa nyuma ya nguzo.

"Sasa nyuma ya nguzo nitaangalia nini?"

"Utaangalia nguzo, mama. Nayo ni mali ya mahakama."

Alikaa. Kila siku ya kazi alikuja na khanga yake safi, akakaa nyuma ya nguzo, na kila siku alichungulia kidogo akaliona joho likiahirisha mashauri. Mwanzoni alimuuliza Machano, "Jaji yuko wapi?"

"Yupo. Hilo si joho lake?"

"Joho naliona. Mwenye joho je?"

Machano akapunguza sauti. Hakuwa kijana mwovu. Alikuwa na mke mjamzito na kazi moja. "Bi Mwanahawa, nakuheshimu kama mama yangu. Usiniulize swali ambalo nikilijibu nitakuja kukaa na Simai."

Bi Mwanahawa alimtazama kidari, kisha akamwonea huruma. Hakumuuliza tena. Akaanza kuingoja Tume.

*

Tume ilikuja na magari mengi kuliko kesi zilizowahi kusikilizwa Kongoti. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Gervas Tindo, mtu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutosomea. Shughuli ilifanyika ndani ya mahakama yenyewe. Ukumbi ulijaa, watu wakining'inia madirishani. Na kwa kuwa watu wa kupiga makofi hawakupatikana kwa hiari, mkuu wa mahabusu aliamriwa kuleta mahabusu wote wakae upande wa kushoto na kushangilia.

Bi Mwanahawa aliwaona wakiingia kwa foleni. Simai alikuwa wa mwisho. Shati lilimning'inia kama bendera siku isiyo na upepo. Kifua kile cha ghala kilikuwa kimeingia ndani. Alipoinua mikono kupiga makofi, viganja vilikutana bila mlio.

Profesa akasimama. "Wananchi wa Kongoti! Duniani watu wanazungumza kuhusu kupima majaji. Wanazungumza! Sisi Shwarini tunapima!"

Akatoa ishara, na mizani ikaingizwa. Sisemi kwa mafumbo. Ilikuwa mizani ya kupimia korosho, iliyoazimwa kutoka chama cha ushirika, yenye ndoano na sahani kubwa ya bati. Mheshimiwa Mbegete, amevaa joho lake lililofuliwa kwa heshima ya siku hiyo, akasaidiwa kupanda. Mnyororo ukalia. Profesa akavaa miwani ya kusomea.

"Alipochaguliwa," akatangaza, "Mheshimiwa alikuwa na uzito wa mtu wa kawaida. Leo mizani imefika mwisho! Kama hii si maendeleo, maendeleo ni nini?"

Mahabusu walipiga makofi. Ikafuata kupimwa urefu wa kivuli chake, unene wa saini yake, na umbali ambao sauti yake husikika akisema neno "haki". Kote alifaulu.

Kisha yakaja maoni ya wananchi. Profesa alieleza utaratibu kwa makini ili demokrasia isivurugike. Waliowahi kushindwa kesi wasizungumze, kwa sababu wana kinyongo. Ambao kesi zao hazijasikilizwa wasizungumze, kwa sababu hawajaijua huduma yenyewe. Walioshinda ndio pekee wenye uzoefu na moyo safi. Ukumbi mzima akapatikana mtu mmoja, yule mwizi wa baiskeli. Alizungumza vizuri. Alisema Mheshimiwa ana huruma, ana haraka, na hasikilizi maneno ya watu.

"Na mwisho," akasema Profesa, "tumsikie Jicho la Umma la Kongoti, atoe pongezi."

Machano alimletea Bi Mwanahawa karatasi iliyoandikwa pongezi. Bi Mwanahawa akaipokea, akaikunja, akaiweka chini ya kiti.

"Mimi nauza kuku," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, na watu wa madirishani walinyamazishana ili wamsikie. "Mteja akiniuliza kuku huyu anataga, simwambii ana kilo ngapi. Namwambia anataga au hatagi. Nimekaa nyuma ya nguzo ile tangu sheria ilipotoka. Sijaona kesi hata moja ikisikilizwa. Sina zaidi juu ya hilo. Nina swali moja tu kwa Mheshimiwa, na nitamwomba anijibu mwenyewe."

Profesa alitazama huku na huku akitafuta kifungu cha kuzuia swali. Jaji, ambaye alikuwa bado juu ya mizani akiona raha, akatikisa mkono. "Uliza, mama. Jaji wa watu haogopi watu."

"Yule kijana wa mwisho kule ni ndugu yangu. Ana kosa gani?"

Jaji akamtazama Simai. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ambayo hakualikwa. Kisha akainama kwa Machano. "Ana kosa gani?"

"Alicheka, Mheshimiwa," Machano akanong'ona. Lakini ukumbi ulikuwa kimya, na ule mnong'ono ulifika madirishani.

"Alicheka nini?"

"Alikucheka wewe, Mheshimiwa. Ulikuwa umelala."

Jaji akakunja uso kwa uchungu wa kweli. "Nilikuwa nimelala?" akasema kwa sauti yake ile ya kukatia keki. "Sasa kama aliniona nimelala, kwa nini asiniamshe?"

Sijui nani alianza. Wengine wanasema ni mama mmoja wa madirishani, wengine wanasema ni dereva wa Tume. Ninachojua ni kwamba kicheko kilishika ukumbi kama moto wa nyasi. Mahabusu walicheka, askari waliwageukia kuwanyamazisha wakacheka nao, wajumbe wa Tume waliinamia meza mabega yakitikisika. Mizani yenyewe ilikuwa inayumba na jaji wake. Mimi nilikuwepo, na nathibitisha kwamba uso wangu ulikuwa mkavu. Watu wawili tu ndio ambao hawakucheka kweli. Bi Mwanahawa alikuwa anamtazama Simai. Na Simai alijaribu, kikamjia kikohozi, akakaa chini.

"Mmeidharau mahakama!" jaji akapiga kelele kutoka kwenye sahani. "Wote! Inspekta, weka wote mahabusu!"

Inspekta wa polisi, aliyesimama mlangoni, akafuta machozi. "Hata Tume, Mheshimiwa?"

"Wote!"

"Mimi sikucheka," Profesa akasema haraka. "Nilikohoa kwa kuridhika."

"Mheshimiwa," akasema Inspekta, "mahabusu kumejaa. Wanalala kwa zamu. Mji mzima nitauweka wapi? Labda uwasikilize hapahapa, leo, uwafunge au uwaachie."

Ndivyo Kongoti ilivyopata kesi yake ya kwanza kusikilizwa. Jaji alishushwa kwenye mizani, akapanda kitini, na watu wengi pale walikuwa wanamwona ameketi hapo akiwa macho kwa mara ya kwanza. Mwendesha mashtaka, mtu mzima mwenye tai nyekundu, akasimama kusoma shtaka dhidi ya mji wa Kongoti pamoja na Simai, mpiga tarumbeta: kwamba walimcheka Mheshimiwa.

"Walicheka nini?" jaji akauliza. Ndivyo inavyoulizwa.

Mwendesha mashtaka akafungua mdomo. Halafu akauona mtego. Akisema jaji alilala, yeye mwenyewe atakuwa amelitamka neno hilo mahakamani, mbele ya jaji, kwa sauti. Jasho likamtoka kwenye tai.

"Walicheka jambo, Mheshimiwa."

"Jambo gani?"

"Jambo ambalo... halikutokea, Mheshimiwa."

Bi Mwanahawa akasimama. "Kama halikutokea, baba, walichekaje?"

Profesa Tindo, aliyekuwa tayari anajiona analala kwa zamu, akaruka kama aliyeona mlango. "Kisheria kabisa! Kisichotokea hakichekwi! Hii ni kanuni ya kimataifa!"

Jaji alifikiri. Ilionekana anafikiri, kwa sababu midomo yake ilikuwa inakwenda. Akikubali walicheka, lazima akubali alilala, na uchaguzi uko karibu. Akikataa kwamba alilala, basi hapana kicheko. Akachagua kuuficha usingizi wake.

"Mahakama inaona," akasema, "kwamba hakuna lililotokea. Kwa hiyo hakuna aliyecheka. Wala hapajapata kuwa na mtu aliyecheka ndani ya mahakama hii tangu ijengwe."

"Na Simai?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Hata huyo hakucheka."

"Basi nimchukue."

Mkuu wa mahabusu akasimama akisita. "Mheshimiwa, kuna ugumu. Kama hakucheka, hakukamatwa. Kama hakukamatwa, hayumo kwangu. Nitamtoaje mtu ambaye hayumo?"

"Usimtoe," Bi Mwanahawa akasema. "Geuka tu ukutani."

Mkuu wa mahabusu akamtazama jaji, jaji akatazama dari. Basi akageukia ukuta. Bi Mwanahawa akapita katikati ya watu, akamshika ndugu yake mkono kama alivyomshika siku ya kwanza ya shule, wakatoka. Pale mlangoni Inspekta, aliyetaka kuonekana yuko kazini, akamuuliza Simai, "Na wewe ulikuwa wapi muda wote huu? Watu wa harusi wamekutafuta."

Simai alimwangalia. Angeweza kusema mengi. Kikohozi kikamzuia, na dada yake akajibu kwa niaba yake, "Alikuwa akisubiri."

*

Tume ilitangaza matokeo kabla magari hayajawashwa. Mheshimiwa Mbegete alipata asilimia mia moja na nne. Alisifiwa kwa kuumaliza mlundikano wote wa kesi za dharau kwa asubuhi moja, na kwa kusikiliza mji mzima kwa pamoja, jambo ambalo halijafanyika hata katika nchi zilizoendelea. Kwa alama hizo isingewezekana kumwacha Kongoti. Akapandishwa Mahakama ya Juu, ambako majaji hawachaguliwi na mtu, kwa hiyo hawapimwi na mtu. Nasikia viti vya huko vina mito.

Sheria ya Jicho la Umma nayo ilisimamishwa. Waziri alieleza redioni kwamba jicho limefanya kazi kubwa, limechoka, na jicho lililochoka hupumzishwa.

Simai hakupona upesi. Daktari alisema pafu moja limeharibika, atembee taratibu, asipulize chochote. Bendi ikapata mpigaji mwingine, kijana mzuri, ila anawahi sana kwenye ule wimbo wa kumtoa bibi harusi. Mara ya kwanza Simai alipousikia ukipita barabarani, aliweka mkono juu ya kifua chake, akausindikiza kwa vidole mpaka gari la harusi likapotea. Bi Mwanahawa alikuwa ananyonyoa kuku. Hakuinua uso, kwa sababu hakutaka ndugu yake amwone.

Wagombea wa kiti cha ujaji walianza kupita sokoni. Walimjua Bi Mwanahawa sasa, wakataka wapigwe picha naye. Kila mmoja wao Bi Mwanahawa alimuuliza swali moja: "Utakuwa unafika kazini saa ngapi?" Wa kwanza alisema haki haina saa. Wa pili alikasirika. Wa tatu, mwalimu mstaafu mpole, alisema saa mbili asubuhi, na siku ya pili Tume ya Uchaguzi ikamwondoa kwenye kinyang'anyiro kwa kosa la kutoa ahadi zisizotekelezeka. Yule aliyekasirika, Wakili Desideri Kumburu, akashinda uchaguzi. Tulishangilia, kama kawaida yetu.

Jumatatu ya kwanza ya jaji mpya, Bi Mwanahawa hakufungua matenga. Alivaa khanga safi akaenda mahakamani, ingawa hakuna aliyemtuma na hakuwa na cheo tena. Mlango wa mahakama kisheria uko wazi kwa yeyote. Hilo walikuwa wamesahau kulifuta. Simai alikwenda naye, taratibu, akipumzika kila penye kivuli. Wakakaa kwenye benchi la mbele. Mwenye baiskeli akaja akakaa nao. Akaja muuza samaki, akaja fundi viatu, wakaja wanawake wa sokoni na watoto mgongoni. Machano alichungulia, akaenda kulipiga joho pasi kwa mara ya pili.

Jaji Kumburu alifika karibu na adhuhuri, anapiga mswaki wa kijiti, simu sikioni, akiwa amekuja kutundika joho aende zake. Akasimama mlangoni. Benchi zote zilikuwa zimejaa, na nyuso zote zilikuwa zimemgeukia.

Akamvuta Machano kando. "Hawa wote wana kesi gani?"

"Hawana kesi, Mheshimiwa."

"Sasa wanataka nini?"

Machano aliangalia benchi la mbele. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa mikono magotini, anamtazama jaji kidari.

"Wanakutazama, Mheshimiwa."

Jaji Kumburu akakata simu. Akatafuta mahali pa kuelekezea macho, akakosa. Akakaa. Kisha akaomba faili la kwanza.